Walio Juu ya Gurudumu

"Mama mwenye gauni la kijani, wewe ngoja kidogo," Nasike alisema, akimzuia kwa kiganja. "Wewe baba, na wewe hapo nyuma, pandeni."

Mama wa gauni la kijani alinuna, akadhani anabaguliwa. Nasike hakuwa na nafasi ya kumweleza kwamba gurudumu la viti kumi na viwili ni kama mizani ya sokoni. Ukipakia wazito upande mmoja, injini inalia, mkanda unateleza, breki inatoa moshi. Katika miaka minne ya kazi hii alikuwa amejifunza kupima watu kwa macho. Kabla mtu hajafika langoni, ameshajua amkalishe na nani, na mkabala wake akae nani. Hakukosea mara nyingi.

Siku hiyo foleni haikuwa na mwisho. Ilikuwa Januari, wiki ya kuadhimisha mwaka wa sita tangu jeshi litwae serikali, na redio ilikuwa imetangaza kwamba wakazi wote wa Kampala waje uwanjani kufurahi. Wakaja. Hakuna aliyetaka kuulizwa baadaye kwa nini hakufurahi. Malori yaliyopambwa kwa majani ya migomba na karatasi za rangi yalizunguka uwanja polepole, yamebeba wachezaji waliovaa vinyago vya simba, vya tembo, vya Mzungu mwenye pua ndefu kama mdomo wa birika. Bendi ilikuwa inapiga tangu asubuhi. Vumbi la kiangazi lilikuwa limewaganda watu usoni hata wasiovaa vinyago wakaonekana wamevaa.

Gurudumu lenyewe liliachwa na Mhindi mmoja, mwaka ule Wahindi walipofukuzwa. Aliondoka na sanduku moja, na gurudumu halikunjwi likaingia sandukuni. Aliyepewa uwanja baada yake alikuwa mtu wa karibu na wakubwa, ambaye hajawahi hata mara moja kushika grisi. Aliyelijua gurudumu lile alikuwa Cleopas Ogutu, fundi kutoka Ugenya, upande wa Kenya. Alikuwa amelala karibu na injini ile ya dizeli miaka kumi na miwili. Julai iliyopita, Wakenya walipoanza kupotea Kampala mmoja mmoja, wenzake walipanda basi la Busia. Yeye akabaki. Alipoulizwa, alisema injini haina mtu mwingine.

Asubuhi hiyo alikuwa amemwita Nasike nyuma ya injini, akamwonyesha mkanda. Ulikuwa umepasuka kama kisigino cha mkulima, na sehemu tatu ulikuwa umeshonwa kwa waya.

"Huu hauna siku, mama Amito," alisema. "Leo tupakie nusu tu. Kiti kimoja mtu, kimoja kitupu."

"Nimesikia, Mzee Ogutu."

Lakini ilipofika saa tano yule mwenye uwanja alikuja, akaona viti vitupu, akasema leo ni siku ya jeshi na hataki kuona kiti kitupu hata kimoja. Cleopas akarudi kwenye injini. Nasike akaanza kupakia viti vyote.

Alifanya kazi kama mtu aliyetumwa na mikono yake. Akili ilikuwa kwingine. Siku kumi na nane zilizopita, watu wanne walikuja na gari nyumbani kwake, kwenye nyumba za polisi za Nsambya, wakamchukua mumewe, Sajini Oryem. Oryem alikuwa Mwacholi wa Kitgum, na wakati ule kuwa Mwacholi ndani ya sare kulitosha kuwa kosa. Watatu kati ya wale hawakusema neno. Wa nne, mkubwa wao, alisimama mlangoni akiwa amevua kofia, akasema kwa adabu kabisa, "Mama, ni maswali mawili tu. Chakula atakuja kukula hapa hapa."

Tangu siku hiyo, kila alfajiri, Nasike alipika boo kwa simsim, mboga ya majani aliyoipenda Oryem, akaibeba kwenye sufuria ndogo hadi kwenye lango la jumba moja lisilo na kibao. Askari wa langoni waliipokea. Jioni alipopita kuichukua, sufuria ilirudi tupu, imefutwa hadi chini. Hapo ndipo moyo wake ulipopata pa kushika. Mtu anayekula ni mtu aliye hai. Yeye ni Mbukusu wa Bungoma. Kwao mtu akifa watu wanakaa chini, moto unawashwa, wanaume wanakesha. Yeye hakuwa na pa kukaa. Hakuwa mjane, hakuwa mke. Alikuwa mtu wa kupeleka sufuria.

"Foleni iko ya nani hapa?"

Nasike alitambua sauti kabla hajainua macho. Watu kwenye foleni walikuwa wamejitenga wenyewe, kama maji yanavyoupisha mtumbwi. Askari wawili wenye bunduki walikuja mbele, na nyuma yao mwanamume wa shati la maua, amemshika mkono binti wa miaka sita hivi aliyevaa gauni jeupe na soksi nyeupe.

"Kapteni, karibu, afande," alisema mmoja wa watu wa foleni, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Zubaida anataka kuona Kampala yote," Kapteni alimwambia Nasike. Alitabasamu. Hakumtambua. Alikuwa amesimama mlangoni pake siku ile ya Oryem, akamwona akiwa na mtoto begani na mwiko mkononi, na sasa alimtazama kama anavyotazamwa mlinda lango yeyote. "Tutaona mpaka nyumbani?"

"Mtaona, afande."

Alimkalisha kiti namba nne, mtoto kando yake. Alishusha chuma cha kuwazuia, akapitisha pini. Vidole vilikataa mara mbili. Mara ya tatu pini ikaingia, si hadi mwisho, ila yeye hakuona hivyo. Alikuwa anatazama mkono wa yule mtu uliolala juu ya chuma, mkono safi, kucha zimekatwa vizuri, na alikuwa anajiambia: sema. Muulize sasa. Sema.

Cleopas aliachia klachi. Gurudumu likapanda.

Kiti namba nne kilipita chini mara ya kwanza, Nasike akafungua mdomo, kikapita. Kikaja mara ya pili. Zubaida alikuwa anacheka, anaonyesha kitu mbali kwa kidole. Mara ya tatu Nasike alipiga hatua mbele kabisa hadi upepo wa viti ukampiga usoni, na hakuna neno lililotoka. Alijichukia kwa kimya kile kuliko alivyomchukia yule mtu.

Mara ya nne mkanda ulikatika.

Ulitoa mlio kama wa mjeledi, kipande kikaruka kikapiga bati la banda. Injini iliyopoteza mzigo ikapiga kelele. Cleopas alijitupa juu ya mkono wa breki, gurudumu lote likatetemeka, likasimama. Viti vikabembea. Kutoka juu ukaanza mlio mmoja wa watu wengi, na bendi, ambayo haikuona kitu, ikaendelea kupiga.

Kiti namba nne kilikuwa kileleni, kimepita kidogo tu upande wa Nsambya.

"Wewe Mukenya!" Askari mmoja alikuwa ameshafika kwa Cleopas, akampiga kwa kitako cha bunduki begani. "Wewe nataka kuua afande? Eh? Nani nakutuma?"

Cleopas alipiga goti moja, lakini mikono haikutoka kwenye breki. "Nipige," alisema, pumzi ikimkatika. "Nipige tena, nikiachia hii wote wanakuja chini pamoja, na afande wako."

Askari alibaki na bunduki hewani. Akatazama juu. Akaishusha.

Nasike naye alikuwa anatazama juu. Mshtuko ule ulikuwa umeirusha pini. Chuma cha kiti namba nne kilikuwa kinaning'inia wazi upande mmoja, na Zubaida alikuwa amesimama. Kapteni alikuwa amekumbatia mhimili kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba. Hakuwa amemshika mtoto.

"Kaa chini!" watu walipiga kelele. "Mtoto, kaa!"

Mtoto aligeuka kuwatafuta waliokuwa wanamwita, na kiti kikainama.

Baadaye Nasike hakukumbuka aliamua saa ngapi. Alikumbuka tu kwamba alivua ndara, akafunga gauni kiunoni kwa kitambaa cha kichwa, na chuma cha kwanza kilikuwa cha moto kwa jua. Alikuwa amepanda gurudumu lile mara nyingi kupaka grisi, lakini daima likiwa tupu na asubuhi. Sasa kila kiti alichopita kilikuwa na nyuso. Mikono ilinyooshwa kumshika kiwiko. Mtu mmoja alinong'ona kwa Kiganda, "Mpola mpola, nnyabo," polepole, mama. Alipopita usawa wa mapaa, upepo ukaanza. Msikiti wa Kibuli ulikuwa upande huu, kanisa la Lubaga mbali kule, na katikati, juu ya kilima chake, Nsambya yenye mabati ya nyumba za polisi, mojawapo ikiwa yake. Hakutazama sana.

Alifika akiwa upande wa nje wa kiti, miguu juu ya chuma chembamba, tumbo limebanwa kwenye mhimili.

"Zubaida," alisema taratibu. "Kaa chini, mwanangu. Hapo hapo. Shika mguu wa baba."

Mtoto akakaa. Kiatu kimoja kilikuwa kimeshaanguka. Gauni jeupe lilikuwa limelowa mkojo.

Pini ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo wake. Nasike akaishika. Akarudisha chuma mahali pake kwa mkono mwingine, na hapo akasimama, pini mkononi, bila kuiingiza.

"Afande. Unanijua?"

Kapteni alifungua jicho. "Wewe ni mama ya gurudumu. Funga. Funga hiyo chuma."

"Mimi ni mke wa Sajini Oryem. Wa Nsambya. Ulikuja kwangu ukasema maswali mawili."

"Funga chuma, mama."

"Yuko wapi?"

Kiti kilibembea. Jasho lilikuwa linamtiririka yule mtu hadi kwenye maua ya shati. "Oryem gani?" alisema. "Oryem iko mingi."

Hakuwa anamdhihaki. Nasike aliona kwamba anajaribu kweli, anatafuta kichwani kama mtu anayejaribu kukumbuka duka gani alisahau mwavuli. Hilo lilimuumiza kuliko tusi. Kwa muda mfupi sana mkono wenye pini ulikuwa mkono wa mtu mwingine, mtu asiyejali kitakachotokea.

"Baba," Zubaida alisema, analia, "si umwambie tu?"

Nasike alimtazama mtoto. Soksi nyeupe, mguu mmoja bila kiatu. Akaiingiza pini. Akaisukuma hadi mwisho, akaikunja ncha kwa kiganja ili isitoke tena hata kiti kikipinduka. Alipomaliza hakuwa na kitu chochote mkononi cha kumtishia mtu. Akauegemeza uso kwenye mhimili.

Chini bendi ilibadilisha wimbo.

"Ile mrefu," Kapteni alisema. Alikuwa amefungua macho yote mawili na anatazama miguu yake. "Ya mwanya hapa." Akagusa meno yake ya mbele.

"Ndiyo."

"Usipeleke chakula tena, mama."

Nasike aliinua uso kwenye mhimili.

"Tangu lini?"

"Siku ya pili."

Siku ya pili. Nasike alianza kuhesabu asubuhi, akaacha. Mtu alikuwa amekula boo ile kila siku, akaifuta sufuria kwa kidole, akairudisha na kusema, "Kesho ongeza chumvi." Kweli, mmoja aliwahi kusema hivyo. Yeye akaenda nyumbani na furaha, akaongeza chumvi.

"Mama Amito!" Sauti ya Cleopas ilitoka chini, mbali. "Ingia ndani ya kiti! Nahitaji uzito wako upande huo! Ingia, ukae!"

Alipita juu ya chuma, akakaa. Mtoto akawa katikati. Chini kule breki ililegezwa kidogo, ikashikwa, ikalegezwa, na gurudumu, likiwa limezidiwa upande mmoja kwa uzito wa mwanamke mmoja mwembamba, likaanza kuinama. Walishuka kiganja kwa kiganja. Aliyewatazama kwa mbali angedhani ni mume na mke na binti yao wamekuja sherehe.

"Nsambya," Kapteni alisema bila kumgeukia, mdomo hauchezi. "Waacholi, Walangi. Majina iko kwa karatasi. Kesho asubuhi. Na bibi zao. Wewe ondoka leo."

"Kwa nini unaniambia?"

Kapteni alikuwa amelowesha leso kwa mate, anamfuta Zubaida mashavu. Walipofika usawa wa kichwa cha mtu, alisema, "Mimi nikifika chini, mimi sijui wewe."

Nasike alitaka kumpiga. Alitaka kumuuliza yuko wapi mwili, alivaa nini, alisema nini. Kiti kiligusa ubao. Askari walikuwa wameshamzunguka afande wao.

Kapteni alishuka, akashika nguzo mpaka miguu ikamrudia. Alipoiachia nguzo alikuwa mtu yule yule wa mlangoni.

"Afande, hii Mukenya tufanye namna gani?"

Alitazama juu. Viti kumi na kimoja vilikuwa bado hewani, na kila uso ulikuwa umegeukia chini, unamtazama yeye.

"Ashushe watu kwanza," alisema. "Mutu ya mwisho ikishuka, lete yeye kwa ofisi."

Akambeba mtoto wake, akaenda. Askari wawili wakabaki.

Cleopas alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkono wa breki, shati limelowa damu begani. Nasike akapiga magoti kana kwamba anakagua mkanda uliokatika.

"Umesikia alivyosema afande?" alinong'ona.

"Nimesikia."

Akamwambia habari ya karatasi, ya Nsambya, ya kesho asubuhi. Habari ya Oryem hakuisema. Cleopas alimtazama usoni akaiona. Alifumba macho kidogo.

"Pole, mama," alisema. Kisha: "Nenda basi. Mchukue mtoto. Waambie wenzako."

"Na wewe?"

"Mimi nina viti kumi na kimoja."

"Mzee Ogutu."

"Vya kwanza tushushe pamoja, hawa askari wasishtuke. Halafu utaenda."

Kazi ikaanza. Kiti cha chini kikiachwa kitupu kinakuwa chepesi, na wazito wa juu wanataka kushuka wenyewe. Kazi ya breki ni kuwazuia wasije kwa kishindo, na kazi ya mlinda lango ni kudaka kiti, kufungua chuma, kuwatoa watu. Si kazi ndefu. Watu wawili wanaoijua wangeimaliza kwa nusu saa.

Aliyeshuka wa kwanza alikuwa mama wa gauni la kijani. Alikuwa amepata nafasi mwishowe. Alitia mguu kwenye ubao, akamtazama Cleopas, akawatazama wale askari, kisha akaketi hapo hapo kwenye ngazi.

"Mguu umekufa ganzi," alisema.

"Simama, mama! Toka!" askari alifoka.

"Mwanangu, mguu umekufa. Nitasimamia nini?"

Alikaa hapo akiusugua muda mrefu, mpaka ganzi ikakubali kuisha. Kiti kilichofuata kilikuwa cha kijana na mchumba wake, na mchumba alikataa kufungua macho, ilibidi abembelezwe. Nasike bado hakuelewa. Alielewa kwenye kiti cha tatu, mwalimu mmoja wa shule alipoomba ruhusa asali kabla hajakanyaga ardhi, akasali, akawataja watakatifu ambao Nasike hakujua kwamba wapo. Maneno ya Kapteni yalikuwa yamepanda kutoka kiti hadi kiti. Mutu ya mwisho ikishuka. Wote walikuwa wameyasikia, na kila dakika waliyoivuta ilikuwa ya Cleopas.

Wa kiti cha sita alidai amepoteza funguo, akazitafuta chini ya kiti. Wa kiti cha nane alitapika, au alijitahidi. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Hakuna aliyecheka. Waliogopa, wote, mikono yao ilikuwa baridi Nasike alipoishika, lakini walishuka kama watu wanaoshuka kisimani gizani. Jua lilihama. Askari mmoja alichoka, akaenda kutafuta soda. Wa pili alikaa juu ya pipa, bunduki mapajani, anapiga miayo.

Kilibaki kiti kimoja, kileleni. Mzee wa Kiganda aliyevaa kanzu na koti, na mkewe aliyevaa busuti. Walikuwa wametoka Lubaga, wamekuja kwa sababu mwenyekiti wa mtaa aliandika majina ya wasiokuja.

Cleopas aliinua kichwa. Bega lililopigwa lilikuwa limevimba, na sasa alikuwa amefunga mikono yake miwili kwenye breki kwa mshipi wa suruali yake. Kiti kimoja peke yake huko juu hakina kinachokilinganisha. Kilichokishikilia kilikuwa mwili wake tu.

"Mzee," aliita. "Samahani. Nyinyi mtakaa kidogo."

Mzee alimgeukia mkewe. Kisha sauti ya bibi ikashuka, nyembamba, bila haraka.

"Sisi hapana haraka, ssebo. Huku juu iko hewa muzuri."

Cleopas alicheka bila sauti, mabega yakitikisika. Kicheko kilipoisha, alipaza sauti mpaka askari akashtuka pale kwenye pipa. "We Nasike! Umesimama unaangalia nini? Nenda stoo ulete kamba! Bila kamba hawa wazee hawashuki!"

"Fanya haraka!" askari alimwambia.

"Ndiyo, afande."

Stoo ilikuwa tupu tangu Mhindi aondoke. Nasike alisimama karibu na Cleopas kwa muda wa kuvaa ndara. Alitaka kumgusa bega lile zima, lakini askari alikuwa anatazama.

"Nyuma ya mapipa," Cleopas alisema, uso umeelekea kwenye breki. "Pita nyuma ya mapipa."

Akaenda. Alipita katikati ya simba na tembo wa karatasi, akasukumwa, akashikwa mkono na mtu wa pua ndefu aliyetaka acheze naye, akacheza hatua mbili, akajitoa. Barabarani alitembea. Mwanamke anayekimbia siku kama ile anaulizwa. Alitembea hivyo hadi kilimani Nsambya, na machozi hayakuja.

Jirani yake Filda alikuwa uani anamsuka nywele Amito, mtoto wa Nasike. Filda alikuwa mke wa Konstebo Komakech, na ndiye aliyekaa na mtoto kila siku tangu Oryem achukuliwe. Alimwona Nasike, kitana kikasimama.

"Mama Amito. Mbona mapema?"

"Ingia ndani."

Ndani alimweleza kwa maneno machache kuliko alivyodhani yangehitajika. Filda alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na Oryem?"

Nasike alitikisa kichwa.

Filda aliivuta kanga yake mdomoni akaiuma. Kwao Kitgum kilio cha kifo kinasikika mlima hadi mlima. Hapa nyumba ya pili palikuwa na masikio. Alilia hivyo, kanga mdomoni, mwili mzima ukitikisika, na Nasike akamshika, na huo ndio ulikuwa msiba wote alioupata Oryem. Haukuchukua muda.

"Komakech yuko wapi?"

"Amelala. Alikuwa zamu."

"Mwamshe. Asivae sare. Vaeni nguo za sikukuu, msibebe kitu. Mwambie na Otema, na Alum, na yule mama wa pembeni. Tunaenda sherehe. Anayeuliza, tunaenda sherehe."

Wakatoka nyumba kwa nyumba, wawili wawili, viatu vimepigwa rangi, watoto wamepakwa mafuta. Waliojua kucheka walicheka. Wengine walikataa, wakasema ni uvumi, wakafunga milango yao, na Nasike hakuwa na muda wa kuwagongea tena. Komakech alimpungia mkono mlinzi wa geti, mlinzi naye akampungia. Wangegawanyika huko chini: wengine kuelekea kaskazini, yeye na Filda kutafuta lori la barabara ya Jinja, kisha Tororo, kisha mpaka.

Amito alikuwa mgongoni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu haijasukwa.

"Mama, tunaenda kwa gurudumu?"

"Tunapita karibu."

Njia iliposhuka na kupinda, mapaa yakaachana, likaonekana. Filda alisimama. Nasike alikuwa amejiahidi kwamba hatageuka, akageuka.

Gurudumu lilikuwa limesimama. Viti kumi na kimoja vitupu vilibembea kidogo kwa upepo wa saa kumi. Kile cha juu kabisa hakikuwa kimeshuka hata kiganja kimoja, na katika jua lile kali la alasiri, mmoja wa wale wazee alikuwa amefungua mwavuli.